Uzi: Miaka 11 na vyumba sita vya kukodisha Fuoni. Haya ndiyo ningetaka kuambiwa kabla sijaanza

Bi_Mwalimu

Asalaam alaykum ndugu zangu.

Kila baada ya siku chache humu mtu huuliza: nina milioni kadhaa, ninunue kiwanja nijenge vyumba vya kukodisha, au nifanye nini? Majibu huwa mafupi na mengi yanatoka kwa watu wenye kitu cha kuuza. Mie siuzi kiwanja wala simjui dalali wa kukupeleka. Ni mwalimu wa skuli ya msingi, na tangu 2014 nimejenga vyumba sita Fuoni kwa mshahara wangu, mchezo (upatu) wa walimu wenzangu na msaada wa mume wangu. Vitatu vilikwisha 2016, vitatu 2021. Naandika kwa urefu kwa sababu yaliyonichelewesha si matofali. Ni karatasi, maji na hesabu mbovu.

Nianze na ardhi.

Sisi Zanzibar husema "nimenunua ardhi", lakini kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992 ardhi yote ni ya umma, iko chini ya dhamana ya Rais. Anachokuwa nacho mtu ni haki ya matumizi. Usilipite neno hilo haraka. Maana yake unanunua haki ya mtu, na kama yeye hakuwa na haki kamili, wewe umenunua hewa hata kama umelipa mbele ya mashahidi kumi. Ile karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, inaonyesha kuwa mlikubaliana na watu wakaona. Haimfanyi muuzaji kuwa mwenyewe. Uhamisho wenyewe unapita Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, halafu kwa Mrajis wa Ardhi. Watu wengi huishia kwa sheha kwa sababu ni karibu na ni haraka. Nami niliishia hapo kiwanja changu cha kwanza, na nilitumia miezi saba baadaye kurudi nyuma kutafuta saini za watu ambao wengine walishahamia Dar.

Kuna na eka tatu. Wazee wetu walipewa eka tatu baada ya Mapinduzi ili walime. Hazikutolewa zikatwe viwanja vya futi arubaini kwa sitini. Ukienda pembezoni mwa mji leo utaoneshwa kiwanja chenye mnazi katikati na bei ya kuvutia, na muuzaji atakwambia "hili shamba la babu". Uliza palepale: ni eka? Kama ni eka, funga mkoba, nenda Kamisheni ya Ardhi ukaulize kwanza. Ukishamwaga msingi umechelewa.

Sasa lililo zito zaidi kwangu, mirathi.

2018 nilitaka kununua nyumba kongwe ya vyumba vinne na ukumbi, Magomeni ya hapa Unguja, niifanyie ukarabati niikodishe. Bei milioni 40. Muuzaji alikuwa kijana mpole, anaishi humo, jirani zake wote wanamjua, baba yake alifariki miaka sita nyuma. Mume wangu akauliza swali moja tu: "Mzee aliacha nani na nani?" Aliacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Tukakaa barazani tukafanya hesabu kwa kijiti. Mama ana thumni, yaani moja ya nane, maana kuna watoto. Saba za nane zilizobaki zinagaiwa watoto, mwanamme hisa mbili, mwanamke moja. Hisa saba kamili. Kwa hiyo kila binti ana thumni, na kila mwana ana robo. Yule kijana alikuwa ananiuzia nyumba ya milioni 40 na mali yake yeye ni milioni 10. Dada mmoja alikuwa Wete, mwengine Muscat, na hakuna aliyejua kuwa nyumba ya baba yao inauzwa.

Simwiti mwizi. Nadhani kwa sababu ndiye aliyemuuguza mzee na kulipa umeme miaka yote, aliona nyumba ni yake. Lakini ningelipa, ningeingia Mahkama ya Kadhi na Mahkama ya Ardhi kwa umri wangu wote uliobaki. Tangu siku hiyo nikisikia neno "marehemu" kwenye habari ya nyumba, sizungumzi bei mpaka nione mirathi imefunguliwa, orodha ya warithi wote ipo, na kila mmoja, hata aliye mbali, ametia saini mwenyewe au kwa wakala aliyeandikwa. Siamini "dada hana neno, yeye nimeshamwambia". Na uliza kama nyumba ni wakfu, yaani imetolewa kwa ajili ya Mungu. Wakfu hauuzwi hata warithi wote wakikubali, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo, nenda kaulize.

Hesabu.

Watu huhesabu hivi: vyumba vitatu kwa laki moja ni laki tatu kwa mwezi, milioni 3 na laki 6 kwa mwaka, nimetumia milioni 21 kujenga, basi nitarudisha pesa yangu kwa miaka sita kasoro. Nami ndivyo nilivyohesabu, kwenye jalada la daftari la darasa la nne, ninalo mpaka leo.

Ilivyokuwa kweli ni hivi. Chumba hakikai na mtu miezi 12. Mmoja anahama, unapaka chokaa, unabadilisha kitasa, unasubiri. Kwangu ilikuwa kama mwezi mmoja na nusu kwa chumba kwa mwaka, yaani laki nne na nusu zimepotea. Matengenezo, laki tatu na nusu. Gari ya kunyonya karo, shimo la maji machafu ya choo, mara mbili kwa mwaka, laki moja na elfu sitini. Umeme wa pampu na taa ya uani, elfu kumi kwa mwezi. Nilibaki na milioni 2 na laki 5 na elfu ishirini. Gawa milioni 21 kwa hiyo, ni miaka minane na miezi minne. Tena hapo sijahesabu kiwanja, ambacho nilinunua kwa milioni 9. Ukikitia ndani ni karibu miaka kumi na miwili.

Sisemi hivi kumvunja mtu moyo. Nyumba yangu imenisomeshea mtoto. Lakini mtu aliyejipangia miaka sita, mwaka wa saba akiwa bado hajarudisha pesa yake, huanza kuuza kitu. Mtu aliyejua ni kumi na mbili hujenga taratibu na hulala.

Jengine ni mikopo ya mshahara. Wenzangu wawili walikopa wakajengea. Makato yakaanza mwezi uliofuata. Vyumba vikachukua miezi 14 kumalizika. Miezi 14 wanalipa nyumba isiyolipa, na mmoja aliuza bati kabla hajaezeka. Ukitaka kukopa, kopa kwa kumalizia: milango, madirisha, karo, umeme. Usikope kwa kuanzia msingi. Mwenye kuogopa riba, benki zetu zina madirisha ya Kiislamu, PBZ (Benki ya Watu wa Zanzibar) wanayo, na murabaha hukununulia vifaa kwa bei iliyotajwa wazi tangu mwanzo. Lakini na murabaha ni deni, mwezi ukifika unalipa.

Maji na umeme. 2008 nilikuwa mpangaji Jang'ombe. Mwezi wa Mei umeme wa Unguja ukakatika, waya wa chini ya bahari ndio huohuo mmoja, tukakaa karibu mwezi mzima. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 ikawa tena, miezi mitatu. Nyumba niliyokodi ilikuwa na kisima kirefu na pampu tu, mdomo wake umezibwa kwa zege. Wapangaji wote tulihama, tukaenda nyumba ya jirani yenye kisima cha kamba na ndoo. Mwenye nyumba alikuwa mtu mwema sana na alipoteza watu wanne kwa mfuniko wa zege. Kwa hiyo kwangu tangi liko juu, lita elfu mbili, na kisima kina mlango wa kuteka kwa ndoo. Kabla hujanunua kiwanja nenda asubuhi, muulize mama yeyote anayepita na ndoo: maji ya ZAWA (Mamlaka ya Maji Zanzibar) hufika siku ngapi kwa wiki? Onja maji ya kisima cha jirani. Yakiwa na chumvi utayajua.

Umeme, kila chumba mita yake ya Tukuza, ile ya kulipia kabla ya kutumia. Kila chumba. Nilijaribu mita moja watu watatu, wagawane. Mmoja ana friji, mmoja anapiga pasi nguo za kazi kila asubuhi, mmoja hana hata feni. Ugomvi wa yuniti ulinihamishia mpangaji bora niliyewahi kuwa naye.

Pia angalia kiwanja wakati wa masika. Januari kila kiwanja ni kikavu. Wakaazi wa Sebleni na Mwanakwerekwe wanajua nnachosema.

Nimesahau stara, nayo ndiyo inayojaza vyumba. Mpangaji wa hapa mwenye familia haulizi marumaru. Anauliza: choo kiko ndani? Ua una ukuta? Dirisha linatazamana na mlango wa nani? Vyumba vyangu vitatu vya mwanzo milango inatazamana, mke wa mtu akitoka chumbani anaonwa na wote. Hivi vitatu vya 2021 nilivigeuza, kila kimoja kina kiua chake kidogo cha kufulia na kupikia, futi sita kwa nane. Gharama ya kuta za ziada haikufika milioni moja. Havijawahi kukaa mwezi mzima bila mtu.

Ulizeni, nitajibu nnayoyajua.

Kijana_Kinuni

Shikamoo mwalimu. Umenigusa. Nina milioni 12, nimeoneshwa kiwanja Kinuni kwa milioni 8, kina msingi tayari wa vyumba viwili. Muuzaji anasema baba yake aliujenga ule msingi kabla hajafariki. Anataka pesa kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu ana safari. Nifanyeje?

Bi_Mwalimu

Marahaba mwanangu. Umesema "kabla hajafariki". Rudi juu usome habari ya Magomeni mara ya pili. Muulize swali la mume wangu, mzee aliacha nani na nani, na uandike majina mbele yake. Usimuulize kwa simu. Na usitoe pesa ya kushikia, hata laki moja. Safari yake ni yake.

Fundi_Mpendae

Mwalimu kasema kweli ila kapita haraka kwenye ujenzi, naomba niongeze, maana miaka 22 niko kwenye zege.

Mchanga Unguja ni adimu na bei yake inapanda, kwa hiyo vishawishi ni vingi. Mtu ataletewa usiku mchanga wa bei rahisi, ni wa pwani. Ukutani utauona baada ya miaka miwili: rangi inababuka, chini kunatoka unga mweupe, plasta inavimba. Ile ni chumvi. Ndani ya nguzo na mkanda wa juu chumvi inakula nondo, nondo ikishika kutu inatanuka inapasua zege. Hapo hakuna rangi ya kuponya. Chukua mchanga kwenye machimbo yenye kibali, uombe risiti. Na uonje. Ndiyo, ulimini. Fundi wa zamani wote wanaonja.

Jengine, matofali. Usinunue yaliyofyatuliwa jana. Tofali linataka kumwagiwa maji wiki nzima na kukaa kivulini. Anayeuza kwa haraka hamwagii. Chukua moja, liangushe kutoka usawa wa kiuno kwenye mchanga. Likivunjika vipande vitatu, ondoka.

Kwa walio karibu na bahari, Chukwani, Nyamanzi, Bububu mpaka Chuini, bati nyembamba hazifiki mbali. Ongeza pesa uchukue nene, na misumari yake iwe na mpira.

Na karo, jamani. Shimo la karo na kisima visiwe jirani. Nimeitwa nyumba moja watoto wanaumwa tumbo mwezi wa pili, nikapima kwa miguu, kutoka karo mpaka kisima ni hatua saba. Jiwe letu la matumbawe lina matundu, maji yanapita kama kwenye chujio.

Bi_Mwalimu

Allah akulipe kheri fundi. Hilo la hatua saba kila mtu alisome mara mbili.

Dalali_Darajani

Mimi ni dalali na sioni aibu kusema. Mwalimu hukusema kitu kuhusu kodi ya mwaka. Wapangaji wengi wa Mjini hulipa miezi sita au mwaka mbele, na mwenye nyumba anapata donge la kufanyia kazi. Wewe unaonekana unachukua mwezi mwezi. Hapo ndipo miezi mitupu inapotokea.

Bi_Mwalimu

Kaka yangu, hapo umenipata kwa nusu. Nachukua miezi mitatu mitatu. Kodi ya mwaka ni nzuri kama unajua kuitunza. Mimi 2016 nilichukua mwaka kwa vyumba viwili, milioni 2 na laki 4, nikaanzia msingi wa vyumba vya pili siku ileile. Mwezi wa tano pampu ikaungua na sikuwa na shilingi, na wapangaji walioshalipa mwaka wana haki ya maji kila siku ya mwaka ule. Nikaenda kukopa kwa shemeji. Anayechukua mwaka aigawe mafungu 12 na alitumie fungu la mwezi uliofika tu.

Tena mpangaji wa laki moja kumwambia alete milioni na laki mbili, pamoja na ujira wa dalali wa kodi ya mwezi mmoja, unawafukuza walio wazuri. Wauguzi, walimu wapya, vijana wa hoteli. Hawana donge, lakini wana mshahara.

Mhudumu_wa_Paje

Naomba kuchangia kama mpangaji. Mimi ni mtu wa Bara, Morogoro, nafanya kazi hotelini tangu 2017, mke na mtoto wako Tomondo na mimi huja siku za mapumziko. Watu hutuogopa sisi wa hotelini kwa sababu ya masika. Ni kweli, Aprili na Mei wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga, sisi tunapewa likizo bila malipo. Na 2020 ndege ziliposimama ilikuwa zaidi ya hapo.

Mwenye nyumba wangu alifanya jambo ambalo sijaliona kwingine. Kodi ni elfu tisini. Akasema, kuanzia Julai hadi Februari nilipe laki moja na elfu tano, ile elfu kumi na tano ya ziada aniandikie pembeni. Miezi minane ni laki moja na elfu ishirini. Machi nalipa tisini kama kawaida. Aprili, Mei na Juni nalipa elfu hamsini tu kila mwezi, iliyobaki anakata kwenye ile akiba. Mwaka wa sita huu niko pale. Hajawahi kunigongea mlango kwa kodi.

Na kuhusu sheha: mwenye nyumba alinipeleka mwenyewe kwa sheha wiki ya kwanza, na kitambulisho changu, nikaandikwa. Kwa mtu mgeni hilo ni usalama. Likitokea jambo mtaani wanajua mimi ni nani.

Bi_Mwalimu

Nimepiga hesabu yako. Elfu arubaini mara miezi mitatu ni laki moja na elfu ishirini, inakutana sawasawa. Huyo mwenye nyumba wako mpe salamu zangu. Jumatatu naanza hivyo na wapangaji wangu wawili wa hoteli.

Mtu_wa_Chake

Nyote mnazungumzia Unguja. Huku Pemba mambo ni mengine. Sensa ya 2022 ilitoa watu 1,889,773 kwa Zanzibar nzima, na karibu nusu wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Ndiyo maana huko chumba kinajaa. Huku kila mtu ana kwao, hata akikosa chumba ana kwa shangazi. Anayekodi Chake ni mfanyakazi aliyehamishwa: mwalimu, daktari, askari, mtu wa benki, mtu wa mradi. Hao hawataki chumba, wanataka nyumba nzima yenye vyumba viwili, jiko na mahali pa gari. Nilijenga vyumba vinne vya kupanga mstari mmoja, Wawi, nikaiga Unguja. Viwili vilikaa miezi kumi na moja. Nikabomoa kuta mbili, nikafanya nyumba mbili. Sasa yumo afisa na familia yake, na mwengine ni wauguzi wawili wanachangia.

Na anayemkodisha mtu wa karafuu akumbuke msimu. Mwaka wa vuno kubwa atakulipa mwaka mzima siku moja. Mwaka ambao mkarafuu umepumzika usimwandame, utampoteza na jina lako litachafuka kijijini kwake.

Niko_Muscat

Asalaam alaykum. Namtumia ndugu yangu pesa anijengee Kisauni. Mwaka wa tatu, bado tuko kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Nyie mlio huko, nifanyeje bila kuvunja udugu?

Bi_Mwalimu

Waalaykumu salaam ami. Tenganisha mambo mawili, udugu na kazi. Mwandikie ndugu yako hati ya uwakala ieleze ardhi ni ya nani na yeye ana ruhusa ya kufanya nini, isajiliwe, nakala moja kwako. Hiyo ni ya kumlinda na yeye pia. Akifariki, Mungu amweke, warithi wake watajuaje kuwa ile nyumba si yake? Kwa karatasi tu.

Halafu usitume pesa kwa mwezi, tuma kwa hatua. Msingi umekwisha, fundi mwengine asiyejuana na wa kwanza aende atazame, ndipo utume ya kuta. Na ndugu yako mlipe. Mtu anayesimamia jengo jua kali bila ujira, mkono wake utaingia kwenye saruji hata kama ni mcha Mungu, kwa sababu nauli yake inatoka wapi?

Na kama umeshachukua uraia wa nchi nyengine, nenda Kamisheni ya Ardhi kabla hujaandikisha chochote. Usifiche nyuma ya jina la mtu.

Fundi_Mpendae

Lenta miaka mitatu bila kuezekwa, ami, usiendelee kujenga juu yake kabla hazijaangaliwa nondo zilizochomoza. Mvua ya masika matatu si mchezo.

Mama_Jambiani

Shoga zangu wananambia nisikodishe kwa mwezi, niweke wageni wa usiku kwa dola. Nyumba ni ya mama yangu, vyumba viwili, mita mia kutoka baharini.

Dalali_Darajani

Dada, nyumba ya watalii ni biashara ya watalii, hata kama ni chumba kimoja. Kamisheni ya Utalii wanataka usajili na leseni, na kodi zake ni tofauti. Kuna shuka, kufua, chai ya asubuhi, jenereta, mtu wa kumpokea mgeni saa tisa za usiku. Nina wateja wawili walianza hivyo, mmoja amefanikiwa sana na yupo pale kila siku mwenyewe. Mwengine alimwachia kijana, ikamfia. Kama huwezi kukaa pale, wakodishe walimu au wafanyakazi wa hoteli, ulale.

Bi_Mwalimu

Niongeze la mkataba kabla sijasahau. Mkataba uwe wa maandishi hata kwa jamaa. Nakala mbili, mashahidi, ulipiwe ushuru wa stempu, maana usiolipiwa unaweza kukataliwa siku ya kesi. Andika vilivyomo: vitasa vingapi, feni, bomba, rangi ya ukuta, na mpangaji atie saini akiwa amesimama ndani ya chumba. Mpangaji akishindwa kulipa usimfungie mlango, usimng'olee bati, usimkatie maji. Nimeona mtu anafanya hivyo, mwanamke yumo ndani na mtoto wa wiki tatu. Mdai akageuka mdaiwa mbele ya hakimu, na mtaa mzima ukashuhudia dhidi yake. Nenda kwa sheha kwanza, mkishindwana nenda mahkama na mkataba wako.

Kijana_Kinuni

Mwalimu nimerudi. Leo alasiri nilikwenda nikamuuliza mbele ya jirani yake. Akanyamaza. Halafu akasema wako wanne, yeye, kaka yake mkubwa na dada wawili. Mama yao alitangulia. Mmoja wa wale dada yuko Mkoani, Pemba, na "hajaelezwa vizuri bado". Mirathi haijafunguliwa. Nimempiga hesabu palepale kama mlivyofanya nyie: hisa sita, yeye ana mbili. Theluthi moja tu. Kasema atampigia dada yake usiku wa leo na kesho atanijibu.

Bi_Mwalimu

Mwanangu, usingoje ampigie yeye. Muombe namba ya dada yake na ya kaka yake, uwapigie mwenyewe, uwasalimie, uwaambie jina lako na bei uliyotajiwa. Wakikubali, waende wote kwa Kadhi wafungue mirathi, na gharama ya boti ya dada kutoka Mkoani toa wewe, hiyo ndiyo pesa ya kwanza unayoweza kutoa. Wakikataa, umepoteza nauli ya simu. Jumamosi saa kumi niko nyumbani, njoo na karatasi zote alizokupa, tuzisome pamoja na mume wangu.

Kijana_Kinuni

Nimepata namba zote mbili. Dada hakuwa na habari kabisa. Ameniuliza msingi ule bado una ule mwembe pembeni, nikamwambia upo. Jumamosi nakuja.